Pini Kwenye Pembe ya Picha

Bibi yangu alinipa jina la Bi Kwanini nikiwa sijamaliza kuota meno, na hata sasa, mwaka wa nne wa udaktari, sijapona. Nikiona mtu anachechemea barabarani namfuata hatua mbili tatu nijue kama ni goti au ni kiatu. Wenzangu darasani wanasema nina umbea wa kisomi. Sikatai. Tena nina hasira za karibu, na ukitaka kuziona niambie jambo fulani halina maana.

Siku hiyo nilianzia wodini, saa moja na nusu asubuhi, kitanda namba saba. Mgonjwa wangu alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu, msichana mwembamba mwenye vidole virefu, na siku ya tatu hiyo tumbo lilikuwa linamsumbua na hakuna aliyejua kwa nini. Shangazi yake alikaa kando kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Umeamkaje, fundi?"

"Nimeamka tu, dada daktari. Kulala ndiyo sikulala."

"Bado linauma palepale?"

"Lilianzia kitovuni, si nilikwambia? Sasa limeteremka limekaa hapa." Akagusa chini ya tumbo, upande wa kushoto, akakunja uso. Joto lake lilikuwa limepanda kuliko jana. "Na moyo unanienda mbio," akaongeza, akaweka kiganja kifuani, upande wa kulia.

"Wewe unapima vifua vya watu kila siku halafu hujui moyo ulipo?" nikamtania. Nikakishika kiganja chake nikakihamishia kushoto. "Uko huku, mama."

Akatabasamu kidogo, akauacha mkono pale nilipouweka.

Nikamsikiliza. Mapigo yalikuja kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Stetoskopu yangu niliinunua mkononi kwa mwanafunzi aliyehitimu zamani, na nimezoea kuilaumu kwa kila nisichokisikia. Nikailaumu tena. Kwenye faili nikaandika: moyo, kawaida.

Daktari wa upasuaji akapita, mtu wa maneno machache na hatua ndefu. Akambonyeza tumbo, fundi akaruka.

"Ingekuwa kulia, jana hiyohiyo ningempasua," akasema. "Lakini kushoto hakuna kidole tumbo. Mkojo una wadudu kidogo. Picha ya kifua nimeambiwa ni safi, kwa hiyo homa haitoki kwenye mapafu. Saa saba mchana apewe ruhusa, aende na dawa za mkojo. Akizidiwa arudi."

Akaondoka. Shangazi akanishika mkono wa koti.

"Mwanangu, kwetu ni mwendo wa saa nne. Akizidiwa njiani nitamfanya nini mimi? Wewe umeridhika?"

"Sijaridhika, shangazi. Ila sijui kwa nini."

"Basi uliza," akasema, neno ambalo bibi yangu hakuniambia hata siku moja.

Saa nne tulikuwa na kipindi cha kusoma picha za eksirei. Mwalimu wetu tulimwita Pembeni, na alijua, na nadhani alilipenda jina hilo. Kwa mwalimu huyu huruhusiwi kuanza na mapafu. Ana kifuniko cha boksi la glavu, na akishatundika picha ya kifua kwenye kisanduku cha taa, anafunika mapafu yote mawili kwa kile kifuniko. Uanzie pembeni: jina la mgonjwa, tarehe, upande, mitulinga, mbavu moja moja, mabega, kisha chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Halafu moyo. Mapafu ndiyo ya mwisho, na ukiyachungulia kabla ya zamu yake anakugonga kidole kwa penseli. Anasema ukishaona ugonjwa mmoja macho yanaridhika na kwenda kulala, na ugonjwa wa pili unapita mbele yako ukikupungia mkono.

Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya zamani, madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi, visanduku vinne vya taa ukutani, kimoja kikipepesa kama kina usingizi. Pembeni alikuwa ametoka likizo jana yake tu. Tulikuwa wanafunzi sita, kila mmoja na picha ya mgonjwa wake.

Wa kwanza alikuwa mwenzetu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Redio akaona kifua kikuu, akaona maji, kisha akaona kiduara chini ya pafu akatangaza saratani.

"Na upande wa pili?" Pembeni akauliza.

"Upande wa pili pia kuna kiduara, mwalimu. Imesambaa."

"Hizo ni chuchu, mwanangu. Hata wewe unazo."

Tulicheka mpaka machozi. Redio mwenyewe alicheka, lakini kwa shingo upande.

Nikatundika picha ya fundi. Niseme kwanza kwamba picha ya kifua hutundikwa kana kwamba mgonjwa amesimama anakutazama. Mkono wake wa kulia uko kushoto kwako, na ncha ya moyo wake inaelekea kulia kwako. Filamu yenyewe ni kama kioo cha dirisha, unaweza kuitazama kwa mbele au kwa nyuma na isikulalamikie. Ndiyo maana mpiga picha huweka kiherufi cha madini ya risasi upande wa kulia wa mgonjwa, kitokee cheupe kwenye picha.

"Jina?"

Nikasoma stika iliyobandikwa chini.

"Tarehe?"

"Juzi, Jumanne."

"Upande?"

"Sioni herufi, mwalimu. Ila ncha ya moyo inaelekea kulia kwangu, kwa hiyo picha imetundikwa sawa."

"Vizuri. Endelea."

Nikaenda mbavu kwa mbavu. Juu kabisa, kwenye pembe, karibu na bega, kulikuwa na kitu cheupe chembamba kilichopinda.

"Na hicho?"

"Pini ya nguo."

"Vizuri. Shuka."

Nikashuka. Chini ya kiwambo kulikuwa na kile kiputo cheusi cha hewa ya tumboni, mahali pake. Moyo, mahali pake. Akatoa kifuniko, nikapita mapafu yote na sikupata kitu. Nikasema hivyo, ingawa mbele ya Pembeni kusema "hakuna kitu" ni kujitia kitanzi.

"Picha ni safi," akasema. "Na msicheke. Picha safi inamsumbua mwanafunzi kuliko chafu. Nane kwa kumi."

"Mwalimu, hiyo pini..."

"Ni pini tu, Bi Kwanini. Haina maana. Anayefuata."

Aliponiambia haina maana, masikio yangu yalipata moto. Mtu huyuhuyu amenifundisha miezi mitatu kwamba kila cheupe kina mwenyewe, leo cheupe changu hakina maana? Kipindi kilipokwisha saa tano na nusu nikaichukua picha yangu, nikarudi wodini.

Fundi alikuwa amekunja magoti, uso ukutani.

"Fundi, samahani. Siku ulipopigwa picha ulivaa nguo yenye pini?"

Akageuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa siku tatu kumwona ana nguvu. "Mimi? Pini? Dada daktari, mimi ni fundi. Kifungo kikikatika nashona. Halafu walinivua kila kitu, wakanipa gauni lao la kamba, kamba yenyewe moja imekatika, na mshono wake unatia aibu. Pini ingetoka wapi?"

"Cheni? Kibanio cha nywele?"

"Hata hereni walinivua," akasema shangazi. "Ninazo hapa." Akafungua mkoba anionyeshe. Ndani ya mkoba niliona pia nguo zilizokunjwa tayari kwa safari.

Sasa pini haikuwa ya nguo, na mimi sikuweza tena kukaa. Nikashuka ngazi mpaka chumba cha eksirei.

Mwenye chumba hicho ni mama wa makamo tunayemwita Mama Usipumue. Tangu asubuhi mpaka jioni maneno yake ni hayo: vuta pumzi, usipumue, haya pumua. Amezoea kuamuru mpaka wenzake wanasema hata mumewe nyumbani huwa anasubiri ruhusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kuniazima filamu, rudi ulikotoka."

"Nimekuja kuuliza pini."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, kisha akaelekea kwenye mashine, akachomoa kaseti, lile bamba bapa linalobeba filamu. Kwenye pembe ya juu palibandikwa pini, imefungwa kwa plasta.

"Hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Herufi yangu ya risasi ilidondoka Jumatatu, ikaingia nyuma ya lile kabati la chuma ambalo watu wanne hawalisogezi. Nimeandika barua ya kuomba nyingine. Mpaka waijibu nitakuwa nimestaafu. Sasa niache kuonyesha upande? Naweka pini. Bega la kulia la mgonjwa."

"Kila mgonjwa?"

"Mwanangu, miaka ishirini na sita. Kulia ni kulia."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mwalimu wenu alikuwa likizo. Wengine hawaulizi. Wewe ndiye wa kwanza."

Nikamwomba anionyeshe picha za vifua za wiki ile. Alinung'unika, lakini akazishusha kwenye rafu, bahasha kumi na moja. Tukaziweka moja moja kwenye taa yake. Fundi wa magari, pini kushoto kwangu. Mwalimu wa chekechea, pini kushoto kwangu. Bibi mmoja mwenye moyo mkubwa, kushoto. Zote kumi na moja, kushoto kwangu, yaani bega la kulia la mgonjwa, kama alivyosema. Nikatundika ya kwangu. Pini ilikaa kulia.

"Umetundika kinyume," akasema Mama Usipumue, bila hata kufikiri.

"Lakini stika ya jina inasomeka."

"Stika si yangu. Stika anabandika karani wa mapokezi filamu ikishakauka. Anatazama moyo uelekee wapi, anabandika."

"Nani alimfundisha hivyo?"

"Nani mwingine? Pembeni wenu."

Nikaigeuza picha. Stika ikageuka mgongo mweupe, pini ikaruka kushoto ilipotakiwa, na moyo wa fundi ukahamia upande wa pili. Kiputo cha hewa ya tumboni nacho kikahama. Nilisimama pale nikitazama, na ninasema kweli, kabla ya hofu nilipata furaha, furaha ya mtoto aliyefungua saa akaona magurudumu. Hapakuwa na kitu kilichokosewa ndani ya yule msichana. Kila kiungo kilikuwepo na kila kimoja kilikuwa kizima, ila vyote vimepangwa upande wa pili, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Tulisoma kuhusu watu wa namna hiyo, mistari mitatu kwenye kitabu kizito, na mimi niliirukaruka kwa sababu haikuwa ya mtihani.

Kisha hofu ikafika. Kama moyo uko kulia, kidole tumbo chake kiko kushoto.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika arobaini. Ruhusa ilikuwa saa saba.

Kukimbia koridoni kumekatazwa na kumeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu. Nilikimbia. Pembeni nilimkuta ofisini, anakunywa chai, viatu amevua chini ya meza.

"Mwalimu, pini si ya nguo."

"Bado uko kwenye pini?"

"Mama Usipumue anaiweka badala ya herufi. Bega la kulia. Nimeangalia picha kumi na moja."

Alikuwa anataka kunijibu jambo la mzaha, nililiona likianza mdomoni. Likaishia hapo. Akanyoosha mkono, nikampa picha, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa kiganja. Akaitazama kwa mbele. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Asubuhi nilikuuliza upande ukanijibu nini?"

"Nilisema moyo unaelekea kulia kwangu."

"Na nilipokuuliza moyo?"

"Nilisema uko upande wake."

"Na mimi nikakupa nane." Akavaa viatu bila kufunga kamba. "Upande tumeujua kwa moyo, halafu moyo tukaujua kwa upande. Mgonjwa ana nini?"

Nikamweleza tukiwa njiani: kitovu, kushoto, homa, ruhusa saa saba. Pembeni ana umri wa kunizaa mara mbili na kitambi juu, lakini kwenye ngazi alinipita.

Kitandani fundi alikuwa amevaa nguo zake, amekaa ukingoni amejikunja kama aliyeangusha kitu sakafuni. Shangazi alikuwa anafunga mkoba. Pembeni akamwamkia shangazi, akaomba ruhusa kwa fundi, akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nikampa stetoskopu yangu mbovu. Akasikiliza kushoto. Akahamia kulia. Akakaa hapo kitambo, kisha akanivisha mimi masikioni, kikombe bado kikiwa kifuani kwa fundi.

Mapigo yalinigonga masikio. Stetoskopu haikuwa na kasoro yoyote.

Daktari wa upasuaji alipofika alionyeshwa picha, akaambiwa pini, akasikiliza mwenyewe. Akambonyeza fundi tumbo mahali palepale pa asubuhi. Safari hii hatua zake ndefu hazikumpeleka popote.

"Asiondoke," akamwambia muuguzi. "Andaa chumba cha upasuaji. Sasa hivi."

Shangazi akaniangalia. "Mmeona nini?"

"Kidole tumbo, shangazi. Kiko kushoto. Kila kitu chake kiko upande wa pili."

"Ni mbaya?"

"Kuwa upande wa pili si ugonjwa. Sisi ndio tulioshika picha vibaya."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake, na mimi nikakaa sakafuni karibu naye, jambo ambalo pia limekatazwa. Nilikuwa naogopa, na sikumficha. Saa tisa daktari wa upasuaji akatoka, barakoa shingoni. Alinionyesha kidole gumba chake.

"Kimevimba hivi. Kingefika jioni kingepasuka," akasema. Akaanza kwenda, akarudi. "Njiani huko angekufa yule."

Kipindi kilichofuata, Pembeni alitundika picha ya fundi mwenyewe, akatuambia kosa lilianzia kwake, akamwita na karani wa mapokezi aingie asikilize. Siku hiyo Redio hakusema neno. Kabati la chuma lilisogezwa na watu sita, herufi ikapatikana pamoja na kalamu nne na kijiko.

Lakini mimi jambo la fundi lilinimalizikia wodini, siku ya nne baada ya upasuaji. Alikuwa ameegemea mto, anashona upya kamba za gauni la hospitali kwa sindano aliyoletewa na shangazi.

"Dada daktari, nionyeshe basi moyo ulipo."

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaacha sindano.

"Shuleni, asubuhi tukipanga mstari, tulikuwa tunaambiwa tuweke mkono kwenye moyo. Mimi naweka hapa, maana ndipo ninapousikia. Mwalimu anakuja ananishika mkono, anauhamisha. Kila siku. Wenzangu wananicheka. Mwisho nikajizoesha kuweka wasemapo wao." Akavuta uzi. "Na wewe siku ile ulinihamisha."

Nilikuwa nimetumaini amesahau. "Nilikuhamisha," nikasema. "Ulikuwa umeshaniambia, na mimi nikakufundisha. Nisamehe, fundi."

Nikamvisha stetoskopu masikioni, nikaweka kikombe upande wa kulia. Alisikiliza macho amefumba, muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote ninayemjua.

"Kumbe una kelele hivi," akasema.

"Na mimi nipe nisikie," shangazi akadai, na ikabidi asubiri.

Nikafungua faili lake, ukurasa wa asubuhi ile. Neno langu "kawaida" lilikuwa bado pale, mwandiko mzuri, sahihi chini yake. Nikalikata kwa mstari mmoja, nikaandika tarehe na mahali moyo ulipo. Nilipoinua kichwa fundi alikuwa amelala na stetoskopu masikioni, kiganja kifuani, upande wa kulia. Sikumgusa.